Tabora hadi Kigoma na skuta isiyolia: siku tano, betri moja

Nimerudi Tabora wiki iliyopita. Simu yangu imejaa picha, na nyingi si za ziwa wala za machweo. Ni za mita ya skuta ikionyesha betri imebaki vijiti vingapi. Nimezipanga kwa mfuatano, nikaweka pembeni daftari langu lenye madoa ya mawese, na safari imerudi yote.

Sababu yake ni shangazi yangu wa Ujiji, mwalimu mstaafu, ambaye magoti yake yamegoma kwenda sokoni kwa miguu. Tulichanga kwenye ukoo, tukapata skuta ya umeme iliyotumika kidogo, ya Kichina, yenye jina ambalo hata aliyetuuzia hakuweza kulitamka. Kazi ya kuifikisha nikapewa mimi kwa kuwa shule zimefungwa. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Tabora, akajiunga ili aicheke njia nzima. Wa tatu alikuwa kwenye simu: shemeji yangu, aliyesoma Bengaluru, India, na ambaye ukitaja neno skuta mbele yake umeharibu jioni yako.

Siku ya 1: Stesheni ya Tabora

Tulifika saa 9 mchana kupima mzigo. Karani wa mizigo alikuwa mpole, ila fomu yake haikutarajia kitu kama hiki.

"Mmetoa mafuta?"

"Haina mafuta, kaka."

"Sawa, ndiyo nauliza, mmeyatoa?"

"Haijawahi kuwa nayo."

Akainama kutafuta tanki, akazunguka nyuma kutafuta bomba la moshi. Wapagazi wawili wakaja kumsaidia kutafuta. Nikafungua kiti, nikamwonyesha betri. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi tanki lenu ndilo hili. Litoeni." Sikuwa na la kubisha. Akaandika "pikipiki bila mafuta", akagonga muhuri, na betri ya kilo 12 tukaipakata kwenye kiti usiku kucha kama mtoto mgonjwa.

Mzigo tulilipia 28,000, wapagazi 3,000, na nauli ya daraja la tatu haikufika 20,000 kwa kila mmoja. Atakayefuata na chombo cha umeme aende mapema, achomoe betri mwenyewe kabla hajaambiwa, na abebe blanketi. Watu wa Dar hawaamini kwamba Tabora ya Julai ina baridi, mpaka waione saa 10 alfajiri kwenye behewa lenye dirisha lisilofunga.

Treni ya jioni iliondoka saa 7 usiku. Kwenye kuisubiri nilisikiliza sauti za shemeji, maana alikuwa ametuma saba.

"Shemeji," alianza, "hiyo skuta yenu msiifananishe na zile nilizoziona mimi." Akaingia kwenye habari za Ather Energy, kampuni ya skuta za umeme ya huko India. Vijana wawili wa chuo cha teknolojia cha IIT Madras, Tarun Mehta na Swapnil Jain, walianzisha kampuni hiyo mwaka 2013, tena hawakuwa na nia ya kutengeneza skuta. Walitaka kuuza betri nzuri ya lithiamu kwa skuta za umeme zilizokuwapo, ambazo nyingi zilitembelea betri nzito za risasi. Walipozichunguza wakaona ugonjwa hauko kwenye betri peke yake. Fremu dhaifu, mota dhaifu, breki za kubahatisha. Ukiweka betri nzuri kwenye chombo kibovu umepata chombo kibovu chenye betri ghali. Wakaamua kuunda skuta nzima, kuanzia sifuri.

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. "Na pesa walitoa wapi, hao wanafunzi?"

Shemeji alikuwa na jibu kwenye sauti ya nne. Desemba 2014 waanzilishi wa Flipkart, duka la mtandaoni la India, Sachin na Binny Bansal, waliwapa dola milioni 1. Mwaka uliofuata Tiger Global, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ikaweka dola milioni 12. Mwaka 2016 ikaingia Hero MotoCorp, kampuni kubwa kabisa ya pikipiki za petroli nchini India.

"Yaani muuza petroli anamlisha atakayemuua," mdogo wangu alisema, akavuta kofia usoni.

Usoke, Urambo, nilizipita usingizini. Kaliua niliamshwa na mabehewa yakigongana, maana hapo ndipo reli ya Mpanda inapochepuka.

Siku ya 2: Uvinza hadi Kazuramimba, au kisa cha simu mia moja

Nguruka asubuhi tulinunua samaki wa kukaanga dirishani na chai ya rangi, 2,500 kwa wote wawili. Uvinza tukafika saa 5, na hapo treni ikasimama. Habari zikatembea behewa hadi behewa: kuna tatizo mbele, tutaondoka saa 8, hapana, saa 12, hapana, hakuna anayejua.

Nakiri uamuzi uliofuata ulikuwa wangu. Kutoka Uvinza hadi Kidahwe ni lami ya kilomita 76 na ushee, na Kidahwe si mbali na mjini. Muuzaji alituambia betri ikijaa inakwenda kilomita 70. Nikasema tutaendesha hadi Kazuramimba, ambayo ni kama nusu ya njia, tutachaji kidogo wakati wa chakula, tutafika Kigoma kabla ya magharibi. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Iandikwe hivyo.

Kitu ambacho sikukiweka kwenye hesabu: watu wawili badala ya mmoja, dumu la asali la lita 10 la shangazi, na kilo 15 za chumvi ambazo mdogo wangu alizinunua palepale, kwa kuwa "huwezi kupita Uvinza mikono mitupu." Wajerumani walijenga kiwanda cha chumvi hapa zaidi ya miaka mia iliyopita, na watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi hizi muda mrefu kabla yao. Kwa hiyo chumvi ina historia. Ina pia uzito.

Tuliondoka saa 6 na nusu. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijaipata barabarani. Skuta hailii. Unasikia upepo, unasikia watu wakiongea mashambani, unasikia mtoto akiuliza, "Mbona hailii?" Ubaya wake ni kwamba mbuzi nao hawasikii kitu. Mara tatu nilisimama kabisa mbele ya mbuzi aliyelala kwenye lami, na mara zote tatu alinitazama kama mimi ndiye mwenye kosa.

Halafu vikaja vilima. Mita ikatoka vijiti vinne hadi viwili kwenye mpando mmoja, ikarudi vitatu kwenye mteremko, ikatupa moyo bure, kisha ikaenda kijiti kimoja na kubaki hapo ikipepesa. Saa 8 tukawa tunasukuma. Vijana watatu waliotoka shamba na majembe waliweka majembe yao juu ya kiti, wakasukuma nasi hadi Kazuramimba bila kuulizwa na bila kupokea hata mia. Mmoja alisema tu, "Hii ikiharibika, fundi wake ni wa redio au wa pikipiki?" Swali zuri. Bado nalifikiria.

Walitupeleka kwa kinyozi. Kibanda chake kina ubao wa chaki mlangoni: KUNYOA 1,500. SIMU 300.

"Kaka, tunaomba kuchaji hii."

Akaizunguka. "Simu ni 300. Hii ni simu ngapi?"

Watu wakacheka, ila yeye hakuwa anatania, na mimi nikaona aibu kwa kuwa sikuwa na jibu. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua daftari. Betri ya skuta: volti 60, ampea-saa 32, jumla wati-saa 1,920. Simu ya kawaida ya milliampea-saa 5,000 inabeba wati-saa kama 19. Gawanya.

"Ni simu 101."

"Basi 30,300," akasema kinyozi, na safari hii alicheka hata yeye.

Nikamwonyesha upande wa pili wa hesabu. Wati-saa 1,920 na upotevu kidogo wa chaja ni uniti mbili na kitu za LUKU, ambazo kwa bei ya biashara hazifiki shilingi 800. Mdogo wangu akasikia hiyo 800 akanyamaza, kwa sababu kwa umbali uleule pikipiki yake ingekunywa petroli ya kama 4,000. Mita ya kinyozi ilikuwa imebaki uniti 4. Tukakubaliana: mimi nanunua LUKU ya 5,000, zikaingia uniti 14 hivi, skuta inakula zake, zinazobaki ni zake. Mdogo wangu akanyolewa kwa lazima, ili kukaa kwetu pale kuwe na sababu.

Angalizo kwa wasafiri: msiangalie betri inabeba kiasi gani tu, angalieni chaja inatoa kiasi gani. Yetu inatoa ampea 5. Thelathini na mbili gawa kwa tano, ni zaidi ya saa 6. "Kuchaji kidogo wakati wa chakula" kungetupa kilomita 7 au 8.

Kwa hiyo tulikaa. Mama yake kinyozi alituletea mihogo ya kuchemsha na dagaa wa mawese, akatuita wanangu tangu salamu ya kwanza. Nikaweka sauti za shemeji kwa sauti kubwa, kibanda kizima kikasikiliza kama taarifa ya habari.

Mwaka 2016, Februari, Ather walionyesha skuta yao ya kwanza, S340. Wateja wakaisubiri mpaka Septemba 2018. "Miaka miwili na nusu!" kinyozi alisema. "Mimi mteja nikimwambia subiri dakika kumi anakwenda kwa jirani." Lakini shemeji alikuwa Bengaluru mwaka huo wa 2018, na anachokumbuka si skuta. Anakumbuka vituo vya kuchaji. Mei, kabla skuta hata moja haijakabidhiwa, visanduku vya kampuni vilianza kufungwa kwenye migahawa na maegesho ya jiji lile, na mwanzoni kuchaji kulikuwa bure. Alipita mbele ya kimoja kila siku akienda chuoni, akajiuliza nani atachaji nini, maana barabarani hakukuwa na kitu.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kinyozi na waya wangu umepita dirishani. Sisi tulinunua skuta tukaanza kutafuta soketi. Wao waliweka soketi kwanza, tena kwa mji mmoja tu. Chennai walifika mwaka 2019, na miji mingine ikaja baadaye. Mwanzo wa 2021 walihamia kiwanda kipya Hosur, jimbo la Tamil Nadu, chenye uwezo wa skuta 110,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo plagi yao wakaifungulia watengenezaji wengine waitumie bila malipo, na mwaka 2023 India ikaikubali kuwa kiwango cha taifa. Mimi ningeificha plagi yangu. Pengine ndiyo maana sina kiwanda.

"Na wamepata faida?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kunyolewa ndevu.

Hapo shemeji huwa anapunguza sauti. Hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 ilizidi rupia bilioni 10. Juni 2023 serikali ya India ilikata ruzuku ya vyombo vya magurudumu mawili, bei zikapanda, na washindani wakubwa kama Ola na TVS walikuwa wameshajaa sokoni. Ather wakajibu mwaka 2024 kwa Rizta, skuta ya familia yenye kiti kirefu, badala ya ile ya vijana wa kukimbiza. Mwaka ulioishia Machi 2025 waliuza zaidi ya 150,000, na tarehe 6 Mei 2025 hisa zao zikaanza kuuzwa soko la hisa, huku hasara ikiwa bado ipo.

"Miaka 12 ya hasara na watu wananunua hisa," mzee alisema. "Sisi hata tumbaku ikilala msimu mmoja tunauza ng'ombe."

Saa 2 usiku umeme ukakatika. Ulirudi karibu saa 5. Tulilala kwa mama yake kinyozi, kwenye kitanda ambacho wajukuu walihamishwa ili tulale, na alikataa hela kwa namna ambayo ukiendelea kusisitiza unakuwa umemtukana. Tulimwachia nusu ya chumvi. Kutoka Uvinza kumpelekea chumvi mtu wa Kazuramimba si zawadi kubwa, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Asubuhi, akichomoa waya, kinyozi alisema kitu ambacho nilikiandika palepale. "Dada, mngekuwa na betri mbili, hii ningeichaji jana mchana kabla hamjafika. Mnaweka ya kwenu hapa, mnachukua iliyojaa, mnakwenda. Dakika mbili." Nikamwambia kwamba huko Taiwan kuna kampuni, Gogoro, iliyoanza hivyohivyo mwaka 2015, na Kigali, si mbali sana na hapa, Ampersand wanawabadilishia betri madereva wa pikipiki tangu 2019. Hakushangaa hata kidogo. "Si ndiyo akili yenyewe?"

Siku ya 3: Kazuramimba hadi Mwanga

Safari hii hesabu ilifanywa na mtu mwenye akili, yaani mdogo wangu. Yeye, asali na chumvi iliyobaki walipanda hiace. Mimi nikaendesha peke yangu, spidi 35, bila haraka. Simbo, Kidahwe, halafu mteremko wa mwisho na ziwa likajitokeza ghafla chini ya ukungu wa Julai. Nilifika Mwanga, Kigoma mjini, na vijiti viwili. Picha ipo.

Nililala gesti ya 20,000, maji ya ndoo, soketi karibu na kitanda. Siku hizi naanza kuuliza soketi kabla ya chandarua, jambo lisilo la busara Kigoma. Chakula cha mchana kwa mama lishe: ugali, mgebuka wa kuchoma na kisamvu, 5,000. Usiondoke Kigoma bila mgebuka wa siku hiyo hiyo. Aliyekaa kwenye barafu ni samaki mwingine.

Kijiwe cha bodaboda pale Mwanga kiliikagua skuta kwa saa nzima. Waligonga plastiki, walikaa wawili, walikaa watatu. Mkubwa wao aliuliza inachaji kwa muda gani. Nikasema saa 6.

"Dada, hesabu ya bosi ni 10,000 kila jioni. Hizo saa 6 nani atamlipa?"

Nikataja habari ya kubadilisha betri. Akauliza, "Kwa hapa Kigoma, inabadilishiwa wapi?" Nikabaki nazungusha ufunguo. Wanaosema bodaboda hawataki mabadiliko waje wakae kijiwe kile nusu saa. Yule bwana alikuwa tayari ameshapiga hesabu ya petroli na LUKU kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. Kilichomshinda ni hizo saa 6.

Siku ya 4: Ujiji

Shangazi alitupokea kwa wali wa nazi, akaiacha skuta nje mpaka tumalize kula. Halafu akaitahini kama mwanafunzi wa mtihani wa darasa la saba.

"Inakula umeme kiasi gani?" Nikamwambia. Akakumbusha miaka ambayo Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli na mgao ukawa ndugu wa familia. Sasa hivi anaona afadhali.

"Betri ikifa?"

"Tutatafuta nyingine, shangazi."

"Wapi?"

Mdogo wangu akaleta kasha la chaja. Tuligeuza pande zote sita: maandishi ya Kichina, alama ya pipa lililokatwa mstari, hakuna jina la mji, hakuna namba. Shangazi akavaa miwani, akaangalia, akavua. "Kwa hiyo mmeninunulia yatima." Alisema bila hasira, akapanda, akazunguka uwanja mara mbili, akarudi akiwa amenyooka kama msichana. Nikampigia shemeji. Alikiri kwamba rafiki yake wa Bengaluru skuta ikizingua huipeleka kwa mafundi wa kampuni palepale mjini, na sisi itabidi tutegemee fundi wa redio. Basi tulimtafuta fundi wa redio. Yupo karibu na soko, akaipima betri kwa mita yake, akaandika vipimo kwenye kipande cha kadibodi na kukitundika ukutani kati ya runinga mbili zilizofunguliwa matumbo.

Jioni shangazi alikwenda nayo sokoni na kurudi na dagaa na kuni. Kuni alizifunga nyuma kwa mpira. Sikusema kitu kuhusu uzito.

Siku ya 5: Kurudi

Basi la alfajiri, kwa sababu treni sikutaka kuisikia. Wanaopanda Julai wakae upande wa kulia, jua likichomoza linakuwa kali upande wa kushoto. Kuanzia Uvinza hadi Kaliua nililala.

Ila Kazuramimba nilikuwa macho. Basi halikusimama. Kibanda cha kinyozi kilikuwa kimefunguliwa, kiti kiko nje, na kwenye ubao, chini ya SIMU 300, kulikuwa na mstari mpya wa chaki unaoanza na herufi S. Nilimgusa mdogo wangu asome bei, lakini lori lilikuwa limeshaingia kati.